Tuhamishe Kinu cha Nazi Malindi kwa Ahadi ya Miaka Mitano Bila Ushuru?

"Assalam alaikum. Mimi na mume wangu tuna kinu cha mafuta ya nazi Changamwe, Mombasa. Tumekodi banda, tuna wafanyakazi tisa, na nazi zetu karibu zote zatoka Kilifi. Mwezi uliopita mwakilishi wadi mmoja wa upande wa Malindi alitwambia tukihamia kwao kaunti itatusamehe ushuru wote miaka mitano, tena tutapewa nusu ekari ya kaunti bure njia ya Mambrui. Atuhimiza tuanze kujenga, karatasi zitafuata. Nimesoma kuwa huko Marekani miji hushindana kuzilipa kampuni ziende kwao, kwa hivyo sikuona ajabu. Mume wangu asema tuuze gari tuanze msingi. Je, tuhame?"

Wa alaikum salaam, dada yangu. Gari lisiuzwe na msingi usichimbwe bado. Sisemi msihame, maana huenda kuhama kukawafaa sana. Ila sababu mliyopewa siyo itakayowafaa, na aliyewapa hana uwezo wa kuitimiza peke yake.

Tuanze na hilo neno "ushuru wote". Kifungu cha 209 cha Katiba kimegawa kodi mafungu mawili. Kodi ya mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa ni fungu la serikali kuu peke yake. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma na vibali inavyotoa. Kwa hiyo hakuna kaunti, iwe Kilifi, Lamu au Mombasa, iwezayo kuwasamehe hata shilingi moja mnayodaiwa na KRA, mamlaka ya mapato ya taifa. Mkihama leo, kesho mtajaza fomu zile zile za kodi kama mlivyozijaza Changamwe.

Kinachobaki kusamehewa ni kibali cha biashara cha kila mwaka, ada ya cheti cha zimamoto, ada ya bango, ada za afya, kodi ya kiwanja kama kiwanja ni chenu, na ushuru wa mazao, ile sesi. Fungueni Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kilifi inayotumika sasa, mtazame jedwali lililo nyuma, mwandike kila ada inayowahusu. Kwa mfano tu, tuseme zote pamoja zinafika shilingi 40,000 kwa mwaka. Miaka mitano ni 200,000. Kung'oa mashine, kuzisafirisha, kumwaga zege na kuvuta umeme kutazila hizo pesa kabla mafuta hayajaanza kutiririka. Zawadi ya 200,000 haitoshi kuwa sababu ya kuhamisha kinu, hata ikiwa ya kweli.

Na je, ni ya kweli? Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kodi au ada ya leseni haiwekwi, haisamehewi wala haibadilishwi ila kwa sheria. Kila msamaha lazima uandikwe kwenye rekodi iliyo wazi kwa umma pamoja na sababu yake, kisha uarifiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 159, inampa uwezo huo waziri wa fedha wa kaunti, naye ni pale tu sheria imempa ruhusa na kwa vigezo vilivyowekwa. Mwakilishi wadi hayumo kwenye mnyororo huo. Kazi yake ni kutunga sheria na kusimamia serikali ya kaunti. Anaweza kuupigania msamaha katika bunge la kaunti, lakini kuutoa hawezi. Pengine ana nia njema kabisa, na mara nyingi ahadi za namna hii hutoka kwa watu wenye nia njema. Shida ni kwamba karani wa mapato atakayefika mlangoni mwenu mwezi wa tatu haulizi habari za nia. Ataomba risiti.

Mahakama nazo hazitawaokoa kirahisi. Ipo hoja ya kisheria iitwayo matarajio halali, kwamba mtu aliyeahidiwa na serikali ana haki ya kutarajia ahadi itimizwe. Lakini Mahakama ya Upeo ilisema mwaka 2014, katika kesi ya vituo vya televisheni na kuhamia dijitali, kwamba hayawezi kuwepo matarajio halali yanayokwenda kinyume na sheria iliyo wazi. Ahadi ya mdomo ya kusamehe ada ambayo sheria inadai ilipwe iko upande mbaya wa mstari huo. Kumbukeni pia kuwa uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Miaka mitano mliyoahidiwa itavuka hapo, na aliyewaahidi huenda asiwepo.

Kwa hiyo ombeni kitu kimoja tu, kwa adabu: "Mheshimiwa, tuonyeshe kifungu." Kama msamaha upo, uko katika Sheria ya Fedha ya kaunti au katika sheria nyingine iliyopitishwa na bunge la kaunti, na mtapewa barua yenye saini ya waziri wa fedha inayotaja kifungu hicho, ada zinazosamehewa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na masharti. Kama haupo, bado mna njia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mswada wa fedha wa kaunti hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bunge kupitisha sheria ya matumizi. Katikati hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Andikeni waraka wa kurasa mbili, upelekeni kwa karani wa bunge la kaunti, mwombe kiwango nafuu kwa viwanda vidogo vya kusindika mazao ya Kilifi. Ombeni kwa ajili ya viwanda vyote vya aina hiyo. Ombi la mtu mmoja hunuka upendeleo na hukataliwa, nami nasema ni haki likataliwe. Lipo pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti, ambalo kwa sheria wafanyabiashara wana wawakilishi wao ndani yake. Wengi wanaolalamikia ada hawajawahi kumtafuta mwakilishi wao humo.

Sasa hiyo habari ya Marekani. Uliyoyasoma ni kweli, lakini majimbo ya kule yana kitu ambacho kaunti zetu hazina. Mengi hutoza kodi yake ya mapato, na miji huendesha shule kwa kodi ya majengo, kwa hiyo yana kikubwa cha kusamehe. Hata hivyo matokeo si ya kujivunia kila mara. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin liliipa Foxconn, kampuni ya vifaa vya elektroniki, mkataba wa msaada uliokaribia dola bilioni 3, kwa ahadi ya ajira 13,000. Kufikia 2021 mkataba uliandikwa upya. Ajira zikashuka hadi 1,454, na msaada wa jimbo ukawa dola milioni 80. Mchumi Timothy Bartik, aliyeyachunguza mambo haya miaka mingi, alikadiria mwaka 2018 kuwa kati ya kampuni 100 zilizopewa vivutio hivyo, ni 2 hadi 25 tu ambazo vivutio ndivyo vilivyozigeuza uamuzi. Zilizobaki zingekwenda pale pale kwa sababu nyingine. Chukueni huko jambo moja: misaada hii huja na masharti ya idadi ya ajira, na mwenye kushindwa huambiwa arudishe. Mkipewa barua inayotaja wafanyakazi ishirini nanyi mna tisa, msitie saini mkidhani ni mapambo.

Hapa kwetu vivutio vizito viko mikononi mwa serikali kuu. Kampuni iliyo ndani ya eneo maalumu la kiuchumi hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza, na eneo la EPZ lina likizo ya kodi ya miaka kumi, ila bidhaa zake ziwe za kuuzwa nje ya nchi. Kinu cha watu tisa kinachouza Mombasa na Nairobi hakimo humo, basi tuyapite.

Hiyo nusu ekari ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti haimilikiwi na gavana wala diwani. Kaunti huishika kwa amana ya wakazi, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Ardhi ya 2012 imetaja njia za kuigawa: mnada, zabuni ya wazi, kura ya hadharani, maombi ya kundi lililolengwa na nyinginezo za namna hiyo. Kuonyeshwa kwa kidole na kuambiwa "jengeni hapa" hakumo. Na kama ardhi ile ni ya jamii ambayo haijasajiliwa, kaunti imekatazwa kuigawa kabisa. Inaishikilia tu mpaka jamii yenyewe isajiliwe. Pwani hii wengi wamejenga juu ya barua ya ugawaji wakidhani wana hati. Mwaka 2023 Mahakama ya Upeo iliamua kesi ya kiwanja cha Nyali, hapo Mombasa, ikasema hati yenyewe hailindwi kama mizizi yake ni ugawaji wa ardhi ya umma uliofanywa kinyume cha sheria. Aliyekuwa nacho alikinunua kwa pesa zake, akakikosa. Sembuse ninyi mtakaoanza bila hata barua.

Kujenga kabla ya karatasi nako kuna adhabu yake. Chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, anayejenga bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000 au kifungo hadi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa hiyo yule yule anayewaambia "karatasi zitafuata" anawapeleka mahali ambapo kaunti yake hiyo hiyo inaweza kuwashtaki.

Tukiyaweka hayo kando, hesabu ya kweli iko kwenye nazi yenyewe. Nazi iliyofuliwa ina uzito wa karibu gramu 600. Lita moja ya mafuta hula nazi 10 hadi 15 kwa kadiri ya ukubwa wake na ubora wa kinu. Mkikamua nazi elfu moja kwa siku, mmebeba kilo 600 kutoka Kilifi ili mpate lita 80 hivi, ambazo ni kilo 74. Yaani katika kila kilo nane mnazolipia lori, saba ni maji, vifuu na machicha, na vifuu mnalipia tena kuvitupa. Makumbi nayo yamebaki shambani kwa anayefua, akiuza usumba wa kamba na magodoro, nanyi hamna fungu. Ongezeni sesi mnayolipa kila mzigo unapotoka. Kiwanda chochote ambacho malighafi yake hupoteza uzito hivi kina sababu ya kusogea shambani, iwe kuna msamaha au hakuna. Machicha huuzwa kwa wafugaji, vifuu huchomwa makaa au huwashia tanuri lenu, na nazi inayokamuliwa siku ile ile iliyofuliwa haipati harufu ya uchachu inayowafanya wanunuzi wa mafuta mazuri kuyarudisha.

Chukueni risiti za miezi kumi na miwili iliyopita. Jumlisheni nauli ya nazi, sesi, kodi ya banda, gharama ya kutupa taka, na nazi zilizooza njiani. Upande wa pili wekeni kodi ya banda jipya, nauli ya kupeleka mafuta Mombasa, na gharama ya kuhama ikigawanywa kwa miaka mitatu. Msiweke senti hata moja ya msamaha. Upande wa kuhama ukishinda, hameni. Ukishindwa, msamaha wa kibali hautaugeuza.

Lakini mbona Malindi? Minazi imesheheni pia Kaloleni na Rabai, na huko ni kaunti ile ile ya Kilifi, Sheria ya Fedha ile ile, na Mombasa ni karibu zaidi kuliko zile kilomita 120 za Malindi. Mkiwa na wanunuzi wa mahoteli Watamu na Malindi, njia ya Mambrui ina maana. Kama wateja wenu wote wako Mombasa na Nairobi, piga hesabu ya Kaloleni kabla hujamrudia mheshimiwa.

Popote mtakapoangalia, ulizeni umeme kwanza. Kinu chenye mota ya kilowati 7.5 kinataka umeme wa fezi tatu. Laini ya kilovolti 220 itokayo Rabai kwenda Lamu inapita Malindi, lakini kuiona juu ya kichwa si kuwa na umeme. Kinachohesabika ni transfoma ya mtaani, iko umbali gani, na bado ina nafasi ya mzigo wenu au la. Mwombeni Kenya Power makadirio ya maandishi kabla ya kukubaliana kodi, maana kuvuta laini na kuweka transfoma mpya kunaweza kuzidi thamani ya mashine zote mlizo nazo. La pili ni maji. Ya bomba Malindi hutoka Baricho kwenye mto Sabaki, na hukatika. Visima vya karibu na ufuo huwa na chumvi, nayo hula chuma. Kama kiwanja hakina bomba, wekeni tangi la lita 10,000 kwenye bajeti. La tatu, barabara. Barabara kuu ya kwenda Lamu ni ya serikali kuu, hivyo kaunti haiwezi kuwaahidi chochote juu yake, ila kipande kutoka lami hadi mlangoni huenda ni chake.

Hapo ndipo kaunti inaweza kuwafaa kwelikweli, na ndiyo maana nasema msimkasirikie mwakilishi wadi. Mwombeni vitu ambavyo havihitaji kusamehe kodi: kuchongwa kwa barabara ya ndani, kusogezwa kwa bomba, mafunzo kwa wakulima wanaowauzia. Vikiingia kwenye bajeti ya kaunti vinaonekana kwa jina la mradi na kiasi, nanyi mnaweza kuvifuatilia. Ulizeni pia kuhusu kituo cha viwanda na ukusanyaji mazao, ule mpango wa CAIP ambao serikali kuu na kila kaunti hukubaliana kuchangia shilingi milioni 250 kila upande. Banda la kukodi lenye umeme na maji ndani ya kituo kama hicho, likiwa tayari kweli na mkataba wake umeandikwa, lina faida kuliko nusu ekari yenye mgogoro. Nendeni mkalione kwa macho. Ramani ukutani haiendeshi kinu.

Wafanyakazi tisa ni mzigo ambao watu husahau. Msidhani asiyeweza kuhama ameacha kazi mwenyewe. Anayepoteza kazi kwa sababu kinu kimehama analindwa na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Apewe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla, nakala iende kwa afisa wa kazi, alipwe likizo alizobakiza, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya. Mwenye mshahara wa 20,000 na miaka sita kazini, mkigawa mshahara kwa siku 26, atapata takriban 69,200 mbali na vingine. Watano kama yeye ni karibu 346,000, pesa zinazozidi ule msamaha wa miaka mitano. Kwa wanaohama nanyi, mshahara wa chini wa serikali Malindi ni mdogo kuliko wa Mombasa, lakini hilo haliwapi ruhusa ya kumpunguzia mtu mshahara alio nao bila yeye kukubali.

Kuhusu wakati, kibali cha biashara cha Mombasa hakihami nanyi. Tazameni tarehe yake ya mwisho, na mhame karibu na hapo ili msilipe kaunti mbili kwa miezi ile ile. Epukeni masika, njia za ndani zinapokuwa matope, na epukeni Ramadhani, kwa sababu nazi hupanda bei kila nyumba inapotaka tui, na kinu kilichofungwa wakati huo hupoteza wateja ambao hawarudi. Mkikodi shamba, lazima libadilishwe matumizi kuwa ya kiwanda kidogo, na maombi hayo yapewe miezi miwili au mitatu. Mwulizeni NEMA, mamlaka ya mazingira, kama mnahitaji ripoti ya mazingira, kwani maji machafu ya kinu cha nazi yananuka na majirani watalalamika. Afisa wa afya na KEBS, shirika la viwango, waarifuni mapema, wote watataka kukagua jengo jipya. KRA mna siku 30 za kuwajulisha anwani mpya ya biashara.

Mambo mawili msiyafanye bila mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Kabla ya kutoa amana ya ardhi au kutia saini ya kukodi kwa zaidi ya miaka miwili, mwone wakili mwenye uzoefu wa ardhi za Pwani. Afanye msako rasmi katika ofisi ya usajili, na mpimaji ardhi awaonyeshe mawe ya mpaka. Kama ardhi ni ya kaunti, wakili aiandikie Tume ya Taifa ya Ardhi aulize hadhi yake, na asubiri jibu la maandishi. Na kabla ya kumwambia mfanyakazi yeyote habari za kuhama, pitieni ofisi ya kazi Mombasa na orodha ya majina, mishahara na tarehe za kuajiriwa, mkatoke huko na hesabu kamili ya mnachodaiwa.